Lantiye za macho, na swali la kulala nazo



Somo hili halikuwa katika programu ya biolojia ya mwaka huu. Limetoka kwa maswali mawili niliyoulizwa katika juma moja. La kwanza aliniuliza msichana wa mwaka wa tatu. Mkubwa wake, mwenye kufanya biashara, alimuletea kutoka Dubai lantiye za rangi, kijivu na bluu, ndani ya kikopo kidogo bila karatasi ya maelezo. Alitaka kujua kama ni kweli mtu anaweza kuzivaa mwezi mzima pasipo kuzitoa. La pili lilitoka kwa kijana mmoja wa interna ambaye wazazi wake wanakaa upande wa Beni. Yeye ni miopi, namba yake ni 7 kwa macho yote mawili. Yeye hakutafuta urembo. Alisema hivi: «Mwalimu, usiku tukikimbia, nitatafutia lunete wapi? Nasikia kuko lantiye za kulala nazo. Hizo ndizo nataka.»

Swali la msichana nililijibu palepale mlangoni mwa darasa. Swali la kijana lilinikalia moyoni siku tatu. Niliona vizuri kuandika jibu kwa wote, maana wengine wenu mtasoma mbali, Kampala, Kisangani ao ng'ambo, na siku moja mtawekewa lantiye mkononi na mtu mwenye kuuza.

Kwanza, lantiye ni nini? Ni kioo kidogo sana, chembamba kuliko ukucha, chenye kuwekwa juu ya jicho lenyewe. Hakishikwi na masikio wala pua, kinashikwa na machozi. Jina limetoka kwa Kifaransa, ni jina lilelile la punje za dengu, kwa sababu ya umbo. Vitabu vya Tanzania wanaandika «lenzi». Sisi huku tunasema lantiye, basi niandike vile tunasema.

Sehemu ya jicho yenye kubeba lantiye ndiyo konea. Ni ile ngozi yenye kuangaza mbele ya weusi wa jicho, kama kioo cha saa. Upana wake ni karibu milimita 12, na unene katikati ni nusu ya milimita tu. Sasa sikilizeni vizuri, maana somo lote linasimama hapa. Konea haina mishipa ya damu. Kama ingekuwa na mishipa, mwangaza haungepita sawasawa na tungeona mistari myekundu mchana kutwa. Lakini kila kiungo chenye uzima kinaomba oksijeni. Kidole kinapata oksijeni yake kwa damu; konea inaipata kwa hewa. Hewa inayeyuka ndani ya machozi, na machozi yanaipeleka kwa konea. Tunaweza kusema kwamba konea inapumua yenyewe, mbele ya watu wote, mchana kutwa.

Na usiku? Ukifunga macho, mlango wa hewa umefungwa. Inabaki ile oksijeni kidogo yenye kutoka kwa mishipa ya ndani ya kope la juu. Inafika karibu theluthi moja tu ya ile ya mchana. Kwa hiyo konea ya kila mtu inavimba kidogo usiku, sehemu 3 ao 4 kwa mia, na asubuhi ikifunguliwa inarudi kwa kipimo chake. Mungu aliipatia akiba kidogo. Lakini akiba hiyo ilihesabiwa kwa jicho tupu, si kwa jicho lenye kifuniko.

Hapa Butembo tuongeze hesabu nyingine, na wanafunzi wa fizika watanisaidia. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1.700 kutoka usawa wa bahari. Kwa urefu huo uzito wa hewa unapunguka karibu sehemu moja kwa tano. Oksijeni vilevile. Konea ya mtu wa Butembo imezoea, sisemi kwamba tuko wagonjwa. Nasema tu kwamba vipimo vyenye kuandikwa juu ya masanduku ya lantiye vilifanywa mara nyingi kwa watu wenye kukaa chini karibu na bahari, wenye kupata hewa nzito kuliko yetu.

Sasa historia kidogo. Lantiye ya kwanza yenye kumsaidia mgonjwa kuona ilielezwa mwaka 1888 na muganga Adolf Fick, huko Zürich katika Uswisi. Ilikuwa ya kioo kweli, nzito, yenye kufunika hata weupe wa jicho. Mtu aliivumilia masaa machache tu. Baadaye wakafanya za plastiki ngumu. Ila ile laini, yenye kunyonya maji, ilitoka kwa mtu wa Praha, mwalimu wa kemia jina lake Otto Wichterle. Wakubwa wake walikuwa wamefunga kazi yake. Yeye akaendelea nyumbani. Siku za Noeli mwaka 1961, juu ya meza ya chakula, alitengeneza mashini yenye kuzungusha plastiki ya maji ndani ya vikombe vidogo. Vyuma vya mashini vilikuwa mchezo wa watoto wa kujengea, na nguvu ya kuzungusha ilitoka kwa dinamo ya kinga! Ndiyo, dinamo ileile yenye kuwasha taa ya mbele. Kwa mashini hiyo alipata lantiye laini za kwanza zenye kufaa. Nasimulia hii kwa ajili ya wale wenye kuniambia kila mara kwamba hatuwezi kufanya majaribio kwa sababu laboratware haina vifaa.

Plastiki ya Wichterle ilipitisha oksijeni kwa njia ya maji yaliyo ndani yake. Mchana ilitosha. Lakini watu walianza kuuliza: kwa nini nitoe kila usiku? Wa kwanza kuuliza hivyo walikuwa na sababu nzuri. Ni wazee waliopasuliwa mtoto wa jicho wakati ambapo hawakuwekewa bado lantiye ya ndani. Bila lunete nzito hawakuona kitu, na mikono yao ilitetemeka, hawakuweza kuweka na kutoa kila siku. Kwa hao, lantiye ya kukaa usiku na mchana ilikuwa neema. Kisha wenye kuuza wakaipeleka kwa vijana wenye macho mazima. Mwaka 1981 Marekani iliruhusu zile za kukaa mpaka siku 30.

Mwaka 1989 hesabu zikatoka. Kati ya watu 10.000 wenye kuvaa lantiye laini na kuzitoa kila jioni, karibu 4 kwa mwaka walipata kidonda cha konea. Kati ya 10.000 wenye kulala nazo, karibu 21. Serikali ya Marekani ikapunguza siku, zikawa 7 tu. Wakemia wakarudi kazini. Karibu na mwaka 1999 zikatoka lantiye za plastiki mpya yenye kuchanganywa na silikoni, zenye kupitisha oksijeni mara nyingi kuliko zile za kwanza. Mwaka 2001 siku 30 zikaruhusiwa tena kwa aina fulani. Wengi walifikiri: basi, shida imekwisha, konea inapumua.

Haikuisha. Watafiti wa Australia walipohesabu tena, mwaka 2008, wenye kulala na lantiye za silikoni walipata vidonda karibu 25 kwa 10.000 kila mwaka. Ni sawa na zamani. Kwa nini? Kwa sababu hewa haikuwa adui mmoja peke yake. Mchana unapepesa macho mara nyingi kila dakika, na kila mara machozi yanafagia jicho, yanapita chini ya lantiye na kutoa uchafu. Usiku hakuna kupepesa. Machozi yanasimama kama maji ya shimo. Mikrobe iliyoshikamana na lantiye inabaki imegusana na konea masaa nane, pahali penye joto, pasipo kusumbuliwa na mtu. Plastiki inaweza kupitisha hewa yote ya dunia, haitapepesa kwa ajili yako.

Mikrobe yenyewe mnaijua wengine: Pseudomonas aeruginosa. Iko katika maji, katika udongo, kwa masinki ya kunawia. Mara nyingi haifanyi kitu kwa konea nzima. Lakini ikipata konea iliyochoka na mkwaruzo mdogo, inaila. Siongezi chumvi. Kidonda chake kinaweza kutoboa konea katika siku mbili ao tatu, na hata kama dawa inakifunga, kinaacha kovu jeupe katikati ya jicho, na mtu anaona kama kupitia karatasi yenye mafuta.

Adui wa pili ni mnyama mdogo wa maji, Acanthamoeba. Huyu anakaa hata katika maji ya robine, na klore ya kawaida haimwui, kwa sababu anajifungia ndani ya ganda. Ugonjwa wake ni nadra, lakini maumivu yake ni makubwa na kumtibu kunaomba miezi mingi. Hapa ninataka kusimama kidogo, maana kuna jambo lenye kutuangusha sisi watu wenye akili za nyumbani. Chupa ya maji ya lantiye ni bei kali, na mara nyingi haipatikani. Mwanafunzi mwerevu atasema: machozi ni maji na chumvi, mimi nitachemsha maji, nitatia chumvi, kazi imekwisha. Katika miaka ya 1980 watu wa Marekani walifanya hivyo, na chumvi ya vidonge vya farmasi, na maji safi kuliko yetu. Wengi kati ya wale waliopata Acanthamoeba wakati huo walikuwa wametumia maji ya chumvi waliyojitengenezea. Kuchemsha kunaua, ndiyo. Lakini maji yanapoa, chupa inafunguliwa na kufungwa, kidole kinagusa mdomo wake, na kesho yake mnyama amerudi. Chumvi haiui mikrobe ya lantiye. Tena mate hayafai. Nimeona kwa macho yangu mtu akiweka lantiye kinywani kisha jichoni, mbele ya kioo cha pikipiki, kama mtu mwenye kulamba uzi wa sindano!

Basi, kuchagua. Nitaanza kwa watu, maana wanafunzi wanapenda kuanza kwa rangi.

Lantiye inafaa sana kwa mtu mwenye namba kubwa, kwa mtu ambaye jicho moja limepita lingine mbali (lunete zinamletea picha mbili zisizolingana), na kwa mtu ambaye konea yake imechongoka kama ncha ya yai. Huyu wa mwisho anaomba lantiye ngumu yenye kupimwa na mtaalamu. Haifai kwa mwenye macho ya kuwasha kila mara. Wengi kati yenu mnaujua ugonjwa huo: mtoto anajisugua macho mchana na usiku, weupe wa jicho unageuka rangi ya kahawia, utelezi wenye kuvutika kama uzi unatoka asubuhi. Ni alerji, na vumbi la kiangazi linaiamsha. Jicho la namna hiyo litibiwe kwanza. Haifai vilevile kwa mtu ambaye maji safi na sabuni ni bahati ya siku moja moja.

Kisha vipimo. Sanduku la lantiye lenye haki liko na namba nne angalau: nguvu kwa dioptri, mviringo wa ndani, kwa mfano 8,6, upana, kwa mfano 14,2, na tarehe ya mwisho. Mviringo ndio watu wanasahau. Konea za watu hazilingani, kama miguu isivyolingana. Lantiye yenye kubana inafunga machozi nje. Yenye kulegea inakwaruza. Hakuna mtu anayeweza kukupima mviringo kwa kukutazama tu kwa soko. Inaomba muganga wa macho mwenye ile mashini ya mwangaza mwembamba yenye kukuza konea, akuvalishe, angoje, atazame, na akurudishe siku nyingine atazame tena.

Kwa ajili ya kulala, kuna namba ya tano, ya kupitisha oksijeni. Mwaka 1984 watafiti Holden na Mertz walihesabu kwamba lantiye ya mchana inaomba karibu 24, na ya usiku inaomba angalau 87, kama tunataka konea isivimbe kupita uvimbe wa kawaida wa usiku. Lantiye nyingi za rangi, zile za soko, ziko za plastiki ya zamani na haziwezi kufika hata karibu na 87. Ndilo jibu nililompa yule msichana. Nilimwambia pia kwamba katika Marekani, tangu mwaka 2005, sheria inahesabu hata lantiye ya urembo isiyo na namba kuwa kifaa cha muganga, hairuhusiwi kuuzwa kama hereni. Alicheka, akasema: «Lakini mwalimu, huku si Marekani.» Kweli. Konea yake lakini ni ileile.

Aliniomba angalau ruhusa ya kuziazima kwa rafiki yake siku ya ndoa. Nilikataa. Jicho la mtu mmoja linatoa mikrobe zake, na kikopo kimoja kinazipeleka kwa macho manne.

Matunzo ni kazi ya kila siku, wala hayana sikukuu. Mikono inaoshwa kwa sabuni, inasuguliwa na maji, kisha inakaushwa kabisa kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Watu wengi wanaosha vizuri na kusahau kukausha. Lile tone la maji ya robine lenye kubaki kwa kidole ndilo pikipiki ya Acanthamoeba. Sisi wa Beni na Butembo tulijifunza kuosha mikono kwa machozi, wakati wa Ebola, kutoka mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, na ndoo ya klore kwa kila mlango. Desturi hiyo ni nzuri, tuishike. Lakini mkono wenye maji ya klore usiguse lantiye, inachoma.

Lantiye ikitoka jichoni inawekwa katika kiganja, inasuguliwa polepole na dawa yake kwa kidole, hata kama chupa imeandikwa «bila kusugua», kisha inasukutuliwa na dawa ileile, na kulala ndani ya kikopo chenye dawa mpya. Dawa ya jana inamwagwa. Kuongeza mpya juu ya ya zamani ni kama kuosha sahani na maji ambayo wenzako wameoshea zao. Kikopo chenyewe kinasukutuliwa na dawa, si na maji, kinafunuliwa kikauke uso chini juu ya karatasi safi, na kila miezi mitatu kinatupwa. Lantiye ya juma mbili inatupwa baada ya juma mbili. Najua namna tunavyofanya na vitu vya bei: mswaki mpaka manyoya yaishe, betri tunaianika juani. Lantiye hairudi upya.

Kuoga, kuogelea, kunyeshewa na mvua kubwa: zitoke kwanza. Safari ya pikipiki wakati wa kiangazi, kwenye udongo mwekundu, vilevile, ao uvae lunete za upepo juu yake.

Na mwenye ruhusa ya muganga ya kulala nazo? Matunzo yake hayapunguki. Usiku mmoja katika juma anazitoa, jicho linalala tupu. Kila asubuhi anasimama mbele ya kioo na kujiuliza mambo matatu: jicho ni jeupe? halina maumivu? linaona kama jana? Jibu moja likiwa hapana, lantiye inatoka palepale.

Nikija sasa kwa jambo lenye kunitisha. Mtu wa lantiye akipata jicho jekundu lenye maumivu, lenye kukimbia mwangaza, ao akiona doa jeupe juu ya konea, hiyo ni kazi ya siku ileile, si ya kesho. Atoe lantiye, asiirudishe. Asiitupe, aibebe pamoja na kikopo, laboratware inaweza kupata mikrobe ndani yake. Jicho lisifungwe na bandeji, maana tutakuwa tunaifanyia mikrobe usiku mwingine. Asitie maziwa ya mama wala maji ya majani. Na asinunue yeye mwenyewe matone kwa farmasi, zaidi sana yale yenye kotizoni. Kotizoni inaondoa wekundu na maumivu, mtu anafurahi siku mbili, na kidonda kinaendelea kula chini yake. Matibabu ya kweli ni matone ya antibiotiki yenye nguvu kila saa, mchana na usiku, na muganga mwenye kutazama kidonda kila siku.

Ndiyo maana nauliza kila mwenye kutaka kulala na lantiye: muganga wako wa macho ni nani, na barabara ya kufika kwake iko namna gani leo? Hospitali zetu za Butembo na Beni zinaweza kuanza dawa, na muende kwao kwanza. Lakini kidonda kikubwa kinaweza kuomba mtaalamu wa mbali. Tulizoea kusema Goma. Vita ilifika Kanyabayonga mwezi wa 6 mwaka 2024, na Goma yenyewe mwezi wa 1 mwaka 2025, tukajua barabara ni kitu gani. Upande mwingine ni Kasindi, kuvuka Mpondwe, kisha Mbarara, ambako hospitali ya Ruharo ya Kanisa la Uganda inajulikana kwa kazi ya macho, ao Kampala. Hesabuni karatasi za mpaka, hesabuni pesa, hesabuni usalama wa njia. Pseudomonas haihesabu yote hayo. Zile hesabu za 21 na 25 kwa 10.000 zilifanywa katika inchi ambazo mgonjwa anafika kwa muganga siku ileile. Idadi ya vidonda inaweza kuwa sawa na huku, lakini idadi ya macho yenye kupotea haitakuwa sawa.

Hapo nilirudi kwa kijana wa Beni. Sikumdharau. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 watu wa upande ule wanalala wakisikiliza, na mtoto mwenye namba 7 anaona sawasawa mpaka sentimita 14 tu, ndio urefu wa kalamu. Usiku, kwa njia ya shamba, huyo ni kipofu. Kwa hofu yake lantiye ya kulala nayo ni jambo la akili kabisa.

Lakini nilimuuliza: «Ukiamka na kukimbia, umebeba nini?» Akasema: «Mara nyingine hata viatu hapana.» Basi chupa ya dawa imebaki nyumbani, kikopo kimebaki, sabuni imebaki. Utakaa kwa watu siku ngapi? Akasema mara ya mwisho walikaa majuma matatu katika shule moja, na maji ya kuteka mbali. Nikamwambia: majuma matatu lantiye iko ndani ya jicho, ao unaitoa na vidole vichafu na kubaki kipofu pasipo kitu cha kurudisha. Lunete ikichafuka unaipangusa na shati. Alinyamaza, kisha akasema: «Sasa nifanye nini?»

Tulifanya pamoja. Lunete zake tulizifunga kamba ya viatu, kutoka mkono mmoja wa lunete mpaka mwingine, urefu wa kupita kichwani. Akilala anazitundika kwa msumari ulio juu ya kichwa chake, pahali pamoja siku zote, hata kwa interna, ili mkono ujue njia gizani. Lunete zake za zamani, namba 5,5, ambazo mama yake alitaka kumpa mdogo wake, ziko sasa ndani ya mfuko wa kukimbilia pamoja na karatasi za shule. Kwa hizo anaona njia, hata kama hasomi ubao. Na namba yake imeandikwa ndani ya jalada la Biblia yake, ili kama zote mbili zikipotea aweze kuagiza nyingine pasipo kupimwa upya. Siku akifika chuo kikuu, akiwa na maji, na muganga wa karibu, na usingizi usio na hofu, atauliza juu ya lantiye za mchana. Nitafurahi kumsaidia.

Wenzake watatu wa interna wameomba kamba. Msumari mmoja mmoja kwa kitanda, fundi wa shule amekubali.

ZOEZI (mwaka wa tatu na wa nne). Lunete inakaa milimita 12 mbele ya konea, lantiye inakaa juu yake. Kwa hiyo namba hazilingani. Kanuni ni hii: L = M ÷ (1 − 0,012 × M), ambapo M ni dioptri za lunete na L ni za lantiye. Mfano: lunete −4 inaomba lantiye −3,82, muganga atachukua −3,75. Tafuteni L kwa lunete −7, na kwa lunete −10. Kisha elezeni kwa mchoro sababu gani tofauti inakua namba ikikua. Makaratasi yaletwe kwa chumba cha waalimu mbele ya siku ya tano.